Siku Khocha Aliposema Hapana

Ningali naiona siku ile, mwanangu, kana kwamba vumbi lake halijatulia. Tulikuwa Naitiri, nyumbani kwa khocha wangu Barasa. Khocha, kwetu Bungoma, ni ndugu wa kiume wa mama. Huyu wangu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa maparachichi, na asubuhi hiyo alikuwa amevaa koti alilofungia ndoa, ingawa vifungo vilikuwa vimegoma kufika. Mgeni wetu alikuwa mama mmoja Mholanzi aitwaye Anneke, mnunuzi wa matunda. Akatazama jinsi watu walivyokaa, wanaume upande wa stoo ya mahindi, wanawake upande wa jikoni, akatabasamu, akashika kiti na kuanza kukiburuta. Akaburuta cha pili. Akawaashiria watu wasogee, nao kwa adabu wakasogea. Muda si muda watu walikuwa wamepangwa duara kama watoto wa chekechea. Na ndani ya duara hilo, uso kwa uso na khocha wangu, magoti yakikaribia kugusana, alikuwa amekalishwa mama mkwe wake!

Kama wewe ni mtoto wa Bungoma, najua umeshashika mdomo. Kama hukuzaliwa huku, ngoja nikueleze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai karibu, hawashikani mikono, hawali sahani moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia pembeni ampishe mwenzake. Hawajakosana hata kidogo. Ndiyo heshima yenyewe, tena kadiri wanavyopendana ndivyo wanavyokaa mbali. Kikundi chao kilikuwa na njia yake nzuri ya kuishi na jambo hilo. Mama mkwe, tuliyemwita Kukhu Naliaka, yaani nyanya, alikuwa akikaa nyuma ya kona ya stoo, amegeuza mgongo, na maneno yake yakiletwa kwenye mkutano na mwanamke mmoja mcheshi aitwaye Nafula. Miaka mingi walifanya kazi hivyo, na miti yake Kukhu ndiyo iliyokuwa bora kuliko ya wote.

Kukhu alivuta leso akafunika uso. Akasimama. Akaondoka, na wanawake wakamfuata mmoja mmoja, viti vikabaki mdomo wazi. Khocha alikuwa ameinamisha kichwa akitazama viatu vyake kama mtu aliyefiwa.

Anneke akaniuliza, "Wanaenda wapi?"

Kabla sijajibu, katibu wa kikundi, kijana Simiyu, akarukia kwa Kiingereza chake cha shule: "No problem, madam. Wanaenda kuangalia ng'ombe."

Ng'ombe! Wanawake wote wale, ng'ombe mmoja wa khocha!

Sasa nikwambie mimi nilikuwa nani hapo, maana bila mimi hadithi hii ingeishia kwa ng'ombe huyo. Nilikuwa kijana, nimerudi kutoka Uholanzi, nina diploma ya biashara ya matunda. Sikupewa na mtu. Mchana niliosha kreti kwenye ghala la kufungasha matunda, jioni nikaenda darasani na mikono inanuka machungwa, na lugha yao ile ya kukwaruza koo nikaimeza yote. Diploma hiyo iko ukutani ofisini kwangu Kitale, na ukija nitakuonyesha hata kama hujauliza. Nilirudi nikakodi ghala Kitale, nikanunua pikapu, nikapaka jina langu mlangoni kwa rangi nyekundu. Watu wa Bungoma, unawajua. Walisema, "Huyu ametoka Ulaya na kingereza puani na hana kitu." Nilikuwa natafuta mteja mmoja tu wa kuwafunga midomo.

Mteja huyo alikuwa Anneke. Akikubali, kikundi cha Naitiri na wenzao wa Cheptais kule mlimani, waliokuwapo siku hiyo, wangeuza matunda yao ng'ambo kwa mkataba. Akikataa, wangerudi kwa mabroka, wale wanaokuja na gunia lililoongezwa kilemba cha kujaza zaidi juu ya mdomo wake, wanatazama tunda lako zuri na kusema, "Hii ni ya nguruwe, mama, lakini nitakusaidia." Khocha alikuwa ameng'oa mahindi ekari nzima akapanda maparachichi kwa sababu mimi nilimwambia. Kwa hiyo viti vile vilipobaki vitupu, niliona shamba la khocha likibaki tupu na jina langu likikwanguliwa mlangoni.

Wakati viti vinaburutwa, mimi nilikuwa kwenye pikapu nikishusha mizani. Niligeuka mambo yakiwa yameshaharibika. Lakini mwanangu, mtu mwenye mafunzo halii. Nilielewa papo hapo kwamba pale Naitiri kulikuwa na watu wema wa pande mbili, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa nguvu zake zote, na heshima ya huyu ndiyo iliyokuwa tusi kwa yule.

Nilijifunza jambo hilo kwa msimamizi wangu kule ghalani, jamaa aliyeitwa Wim. Juma langu la kwanza alinijia mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Kazi yako ni mbaya. Rudia." Hivyo tu! Hakuuliza habari ya asubuhi, hakuzunguka. Damu ilinichemka. Kwetu, neno kama hilo mbele ya watu, wazee wa koo mbili wanaitwa. Nikapanga kreti upya huku nikitafuta la kumjibu. Saa ya chakula Wim akaja akakaa kando yangu, akanimegea nusu ya mkate wake wa jibini, akaanza kuniuliza Mlima Elgon una urefu gani. Hakuwa na kinyongo wala hakujua kama mimi ninacho. Baada ya muda nikaelewa. Kwao ukimwambia mtu kosa lake wazi, umemwona ni mtu mzima anayeweza kulibeba. Ukimzungukazunguka, anajiuliza unaficha nini. Na mtu anayejibu "ndiyo" kwa kila swali, kwao ni mtu ambaye bado hajajibu.

Basi nikamvuta Anneke nyuma ya pikapu nikamwambia kwa Kiholanzi, bila sukari: "Umekosea vibaya. Umemkalisha mama mkwe mbele ya mkwewe. Hapa hilo ni aibu kubwa. Umewavunjia heshima wote wawili nyumbani kwao."

Akanitumbulia macho. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Kwa sababu wewe ni mgeni."

"Lakini ndiyo maana walipaswa kuniambia!"

"Ndiyo maana hawakuweza."

Kisha akanishika mkono, akautikisa. "Asante kwa kuniambia wazi. Sasa tunafanya nini?"

Kumbe nyuma yetu watu walikuwa wamesimama wanatuchungulia. Walisikia lugha ile ya kukwaruza, wakaona mikono inarushwa, wakajua tunapigana. Simiyu akaja mbio. "Bana, wewe umemgombeza mzungu? Si umetumaliza sasa!"

"Nimemwambia amekosea."

"Ati nini?"

"Na ameshukuru."

Simiyu alinitazama kama mtu aliyesikia kuku akibweka.

Kazi ya upande mmoja ilichukua muda wa kunywa maji. Ya upande wa pili ilikuwa na barabara ndefu zaidi, na ningekwenda kwa Kukhu Naliaka na ule unyoofu wa Kiholanzi, angenifukuza na kijiko cha ugali. Kwanza nilikwenda kwa khocha. Sikutaja viti. Nilimuuliza kama mvua ya usiku ilifika bondeni. Akasema ilifika. Nikauliza mguu wa ng'ombe wake. Akasema unapona. Tukatazama bonde. Mwishowe yeye mwenyewe akakohoa akasema, "Huyo mgeni wako hana nia mbaya."

"Hana, khocha. Na anaomba aonyeshwe pa kukaa."

"Hmm. Mimi sina neno. Lakini unajua mwenye neno ni nani."

Nikaenda jikoni nikiwa nimemtanguliza Nafula. Kukhu alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mboga za kunde ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa. Nikasalimia. Nikauliza habari za nyumbani, za wajukuu, za goti lake. Nikasifu mboga. Aliniacha nizunguke hadi nikaishiwa na mambo ya kusifu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, kukhu."

"Wewe si ndiye mwenye karatasi ya kujua wazungu?"

"Ndiye mimi."

"Na sisi je? Karatasi ya kutujua sisi ulipewa? Mtu anajua pande mbili, analeta wageni, halafu anaenda kubeba mizani, kazi ambayo hata punda angefanya. Kazi yako leo ilikuwa kusimama katikati. Mizani ingekungoja."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Nami nilicheka, kwa sababu hakuna mwalimu kule Ulaya aliyewahi kunipa somo kali namna hiyo huku akichambua kunde. Kisha akasema, "Mwambie huyo mama aje anisalimie hapa, kwanza. Akae pale atakapoonyeshwa. Na mimi nirudishiwe kona yangu."

Anneke akaja. Akainama kidogo, akasalimia kwa Kiswahili nilichomfundisha tukiwa njiani kutoka ghalani. Kukhu akamjibu, akamshika mikono yote miwili, akavitazama viganja. "Huyu amewahi kushika jembe," akasema, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa diploma.

Tukaanza upya. Wanaume upande wa stoo, wanawake upande wa jikoni, Kukhu nyuma ya kona na mgongo wake, Nafula kwenye kona yenyewe akiwa na sikio huku na mdomo kule. Anneke tukampa kiti katikati. Mimi nikasimama kando yake, na mizani nikaiacha juu ya pikapu. Mkutano ulikuwa wa Kiswahili kwa sababu wenzetu wa Cheptais hawajui Kibukusu chetu, nami nikawa natafsiri.

Matunda aliyapenda. Alikata moja la Kukhu, akalinusa, akalionja, akafumba macho. Halafu akauliza swali ambalo biashara yote ilikuwa imelitegemea. Lori lake lilipaswa kuondoka Kitale Jumamosi usiku. Kwa hiyo je, wakulima wataweza kuvuna kila Jumamosi, bila kukosa?

"Hakuna shida," akasema Simiyu.

"Hakuna shida," wakasema wanaume.

"Tutajaribu," wakasema wa Cheptais, na walipokuwa wakisema waliangalia mlima.

Anneke akafunga kalamu yake. Nilimwelewa mara moja, maana nimeishi nao watu hawa. Alikuwa amesikia "ndiyo" nyingi mno, hazina uzito. Akaniambia kwa lugha yake, polepole, "Siwaamini. Hakuna aliyefikiri hata kidogo. Bora nitafute wakulima kwingine."

Mwanangu, moyo uliniruka! Kwa sababu alikuwa amesema kweli, na watu wetu nao hawakuwa waongo. Huku kwetu, "hakuna shida" aliyoambiwa mgeni ina maana "karibu, umetufurahisha kuja." Kazi yenyewe itazungumzwa baadaye, mgeni akishaondoka, na mtu wa katikati atatumwa kupeleka habari mbaya taratibu. Lakini yeye hakuwa na baadaye. Ndege yake ilikuwa kesho.

Nikawageukia watu wangu. Nikasema, "Sikilizeni. Huyu mgeni amekula hapa, amesalimia kukhu, sasa ni wa nyumbani. Kwao, mtu wa nyumbani anaheshimiwa kwa kuambiwa jambo lisilowezekana. Mkimpa 'ndiyo' ya mgeni, mtakuwa mmemfukuza. Khocha, wewe ndiye mwenyekiti. Jumamosi inawezekana?"

Khocha alikohoa. Akavuta koti. Niliona jasho. Mtu ambaye maisha yake yote hajamwambia mgeni "hapana" chini ya paa lake, unamtaka aanze leo, mbele ya watu, kwa mtu aliyevuka bahari! Akaanza, "Jumamosi... unajua Jumamosi ni siku nzuri, isipokuwa tu mambo ya hapa na pale..."

Ndipo Nafula akainua mkono kwenye kona. Uso ulikuwa umekazwa asicheke.

"Kukhu anauliza," akasema, "anataka kujua kutoka kwa mwenyekiti: huyo jirani yetu atakayezikwa Jumamosi hii, atajizika mwenyewe?"

Watu waliangua kicheko mpaka kuku wakatawanyika. Wazee wa Cheptais walipigana mabega. Hata khocha alicheka akifuta macho, na kicheko hicho kikamfungua kitu kifuani. Akasimama wima. Akamtazama Anneke. Akasema mwenyewe, kwa Kiingereza, ili asitafsiriwe:

"Saturday, no."

Kisha kwa Kiswahili: "Jumamosi hapana. Jumamosi huku tunazika. Mtu akifa, hakuna anayepanda mti wala kushika kreti, kijiji kizima kiko kwenye mazishi. Nikikuambia ndiyo, Jumamosi ya kwanza utangoja na lori tupu. Lete lori Jumanne. Jumanne nitakupa matunda hata kama mvua inanyesha mawe. Hilo nalisema mimi Barasa."

Nikatafsiri neno kwa neno. Na Anneke, mwanangu, aliruka kutoka kitini! Uso ulimwaka kama taa. "Hatimaye!" akasema. "Hatimaye kuna mtu wa kufanya naye biashara!" Akapiga simu palepale, akabishana na watu wake kwa sauti kubwa, watu wetu wakidhani sasa ndiyo ametukana mama wa mtu, akakata simu akasema: "Jumanne."

Mkataba ulitiwa sahihi siku iliyofuata Bungoma mjini, kabla hajaelekea uwanja wa ndege. Khocha alikuja na koti lile lile. Alimsalimia Anneke akamuuliza amelalaje, watoto wake wanaendeleaje, na Anneke akajibu yote kwa ukamilifu, hata ya watoto, ingawa saa yake ilikuwa inamchoma mkononi. Kila mmoja alikuwa amejifunza hatua moja ya ngoma ya mwenzake. Mimi nilikaa katikati, nilipoagizwa nikae.

Sasa unaniona. Lori zangu zinapita Naitiri kila Jumanne mpaka leo, na wale waliosema nina kingereza puani wanaleta watoto wao kwangu kutafuta kazi. Nawapokea, naringa kidogo, kisha nawapa kazi. Nimeuza mpaka Lwakhakha na ng'ambo ya mpaka wa Uganda, na kule nako ni shule nyingine kabisa. Mganda atakuuliza umelalaje, atakuuliza habari za nyumbani, kisha atakushukuru kwa kazi unayofanya hata akikukuta umeketi tu. Ukimtajia bei kabla ya hayo, umeshamwonyesha kwamba hukulelewa. Nilipeleka ule unyoofu wa Wim pale siku moja? Thubutu! Mimi ni mtu wa diploma.

Nasaha yangu ni hii, na uishike. Ukifanya biashara na mtu wa taifa lingine, usikimbilie kumwona ana kiburi kwa sababu amesema wazi, wala mwongo kwa sababu amezunguka. Jiulize kwanza kwao heshima inavaa nguo gani. Mtu wa kunyoosha, mnyooshee, mpe "hapana" yako mapema naye atakuamini. Mtu wa kuzunguka, zunguka naye, kaa, uliza mvua na goti la mama yake, kwa maana ndani ya mzunguko huo ndimo alimoweka jibu. Na wewe uliyebahatika kujua pande mbili, usijifiche nyuma ya mizani. Simama katikati kabla viti havijaburutwa, sema kile ambacho kila upande unaona haya kukisema. Kazi hiyo haina mshahara ulioandikwa, lakini mimi imenijengea nyumba.

Kukhu Naliaka ametangulia. Alizikwa Jumamosi, kijiji kizima kikiwepo, na khocha alisimama mbali kama ilivyo desturi, akalia kwa sauti iliyofika kila mahali. Nasi hatukuvuna hata tunda moja siku hiyo, na hakuna mnunuzi popote duniani aliyetuuliza kwa nini.

Nenda basi, mwanangu, ukauze mbali kuliko nilikouza mimi. Mungu akufungulie milango ya watu usiofanana nao, akupe masikio ya kumwelewa mgeni na ujasiri wa kumwambia kweli. Na kila nyumba utakayoingia duniani, akuwekee mtu mmoja wa kukuonyesha pa kukaa.